Uvimbe wa mwanangu na panya wa maabara

SWALI: Mwanangu Yusufu ana miaka sita. Tangu mdogo ana madoa ya rangi ya kahawa mgongoni, na sasa ametokwa na uvimbe laini shingoni. Daktari anasema ni ugonjwa wa vinasaba uitwao NF1, na kwamba dawa yake ilipatikana kwa kuchunguza panya. Kwetu na kwa baba yake hakuna aliyewahi kuugua hivyo. Jirani ananiambia kaambukizwa na panya wa darini. Naomba ukweli.
Mama Yusufu, Mbagala

JIBU: Pole sana, Mama Yusufu. Panya wa darini hawahusiki hata kidogo, NF1 haiambukizi. Na msilaumiane na baba yake. Karibu nusu ya wenye ugonjwa huu ndio wa kwanza katika ukoo wao, kwa sababu hitilafu hujitokeza upya bila kosa la mzazi.

Panya wa maabara nimewahi kuwashika nilipokuwa masomoni. Ni weusi, wadogo, na kila mmoja ametobolewa sikio. Kile kipande cha ngozi kilichotoka sikioni hupimwa ili kujua panya huyo amebeba jeni gani.

Jeni ya NF1 ilitambuliwa mwaka 1990. Kila mmoja wetu ana nakala mbili. Ya Yusufu moja ina hitilafu. Mwaka 1994 watafiti walitangaza kuwa wamezalisha panya wa namna hiyohiyo, lakini uvimbe wa neva haukutokea. Walipoharibu nakala zote mbili, vijusi vilikufa tumboni kwa kasoro za moyo. Ingekuwa rahisi kukata tamaa hapo. Badala yake wakatafuta njia ya kuzima jeni kwenye seli za Schwann peke yake, zile zinazozifunika neva. Mwaka 2002 uvimbe ukaonekana, ila katika panya ambao hata seli nyingine za mwili zilikuwa zimebakiwa na nakala moja nzima, kama za Yusufu. Kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote: seli zinazouzunguka uvimbe, zikiwemo za kinga, nazo zinachangia kuukuza uvimbe.

Jeni hii hutengeneza protini inayozuia seli zisigawanyike ovyo. Ikikosekana, seli husukumwa kugawanyika kupitia protini nyingine iitwayo MEK, na dawa za kuizuia MEK zinaweza kupunguza msukumo huo. Kwa panya, uvimbe ulisinyaa. Mwili wa panya si wa mtoto, kwa hiyo dawa ilipimwa upya kwa watoto wenyewe. Katika utafiti wa watoto 50, zaidi ya nusu uvimbe wao ulipungua kwa asilimia 20 au zaidi. Mwaka 2020 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo, selumetinibu, kwa watoto wa kuanzia miaka 2 wenye uvimbe unaowasumbua na usioweza kuondolewa kwa upasuaji. Haiponyi kabisa, na si kila uvimbe unahitaji dawa. Muulize daktari wenu kama huu wa shingoni unahitaji, au unatosha kufuatiliwa tu.

Macho ya Yusufu yapimwe kila mwaka, maana NF1 inaweza kuleta uvimbe kwenye neva ya jicho bila mtoto kulalamika. Na huo wa shingoni ukianza kukua haraka, kuwa mgumu, au kumuuma hata usiku, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke siku hiyohiyo.