Usimtumie huyo dalali nusu ya pesa ya tiketi za Beyoncé

Usitume hiyo pesa. Umesema jamaa wa Telegram ana tiketi mbili za Beyoncé, uwanja wa Tottenham, London, Alhamisi ya tarehe 12 Juni 2025. Anataka nusu leo, nusu nyingine ukishatua, na amekutumia picha za tiketi kama uthibitisho. Dada yangu, hayo ndiyo maneno niliyoambiwa mimi mwaka 2023, hata huo mgawanyo wa nusu kwa nusu ni uleule. Nimesoma uzi wako damu ikanichemka.

Ile ilikuwa ziara ya Renaissance. Ilianzia Stockholm tarehe 10 Mei, ikafika London kwa maonyesho matano kati ya tarehe 29 Mei na 4 Juni, uwanja huohuo unaoutaka wewe. Afrika hatukupata hata tarehe moja, na ziara yake ya mwaka huu, ya Cowboy Carter, ni hivyohivyo: miji ya Marekani, London mara sita, Paris mara tatu, basi. Huyu mama aliimba Johannesburg Desemba 2018, lakini ziara zake hizi mbili zimetupita juu kwa juu. Matapeli wanalijua hilo. Shabiki wa Dar ananunua akiwa mbali, kichwa kimejaa viza na nauli, na hana namna ya kumkaba muuzaji shati.

Sasa sikiliza mchezo unavyochezwa, maana umejengwa juu ya ukweli ndiyo maana unanasa watu wenye akili zao. Tiketi nyingi za siku hizi hazichapishwi. Zinakaa ndani ya programu kwenye simu, na msimbo wa kuingilia mara nyingi hauonekani mpaka siku chache kabla ya onyesho. Hilo ni kweli. Tapeli analichukua anakwambia: "Siwezi kukutumia sasa, mfumo haujafungua, utapata siku ya onyesho." Unaenda kuhakikisha, unakuta kweli misimbo haijatoka, unamwamini. Anachokuficha ni kwamba tiketi yenyewe huwa kwenye akaunti ya aliyenunua tangu siku aliyolipa, ikiwa na sehemu, safu na namba ya kiti. Kinachochelewa ni msimbo tu. Na pale waandaaji wanaporuhusu kuhamisha, tiketi inahamia kwako bila kuwepo London, bila kungoja siku ya onyesho.

Mimi nilitumiwa skrinishoti. Nzuri, safi, jina la uwanja lipo, kiti kipo, na siku ya onyesho ikaja nyingine yenye msimbo. Nikapanda treni mpaka kituo cha Seven Sisters, nikatembea na umati wote wa kofia na mashati ya kumetameta hadi langoni. Kijana wa mlangoni aliiangalia simu yangu hata kabla ya kuipima akatikisa kichwa. Akanionyesha simu ya mtu wa nyuma yangu: juu ya msimbo wake kulikuwa na mstari unaotembea, unakwenda na kurudi, na msimbo wenyewe unajibadilisha kila baada ya sekunde chache. Wangu ulikuwa umekufa, picha tu. Pembeni wakawa wamesimama wasichana wawili kutoka Birmingham wanalia. Tukalinganisha simu. Sehemu ileile, safu ileile, viti vilevile. Mtu mmoja, picha moja, ameuza sijui mara ngapi! Ndani muziki ukaanza, uwanja mzima ukalipuka, na sisi tuko barabarani tunapiga simu isiyopokelewa.

Tapeli ni tapeli, sitegemei utu kwake. Hasira yangu kubwa ni kwa msimamizi wa lile kundi la WhatsApp la mashabiki aliyetuletea yule mtu. "Huyu ni wetu, nimeshafanya naye kazi, msiogope." Kwa Kiswahili safi, na "ndugu zangu" juu yake. Nilikuja kujua hakuwahi kununua hata tiketi moja kwake. Aliahidiwa kitu kidogo kwa kila mteja. Nilipomuuliza akanitoa kwenye kundi. Mtu anakuuza kwa lugha ya mama yako kisha anakufungia mlango! Kwa hiyo ukisema huyo wa Telegram "ametambulishwa na dada mmoja wa diaspora", mimi hainipi amani hata chembe. Muulize huyo dada aliketi kiti gani, mwaka gani, na tiketi aliipokeaje kwenye simu yake.

Kanuni yangu ni moja na sitaibadilisha kwa mtu yeyote: tiketi ikae kwenye akaunti yako mwenyewe, au ununue mahali ambapo mfumo ndio unaoihamisha. Ticketmaster, kampuni kubwa ya kuuza tiketi mtandaoni, waliyafunga masoko yao ya ulanguzi ya Ulaya, Get Me In na Seatwave, mwaka 2018, wakaweka sehemu ya mashabiki kuuziana ndani ya tovuti yao. Ukinunua pale, msimbo wa zamani unafutwa na unatolewa mpya kwa jina lako. Nilinunua hapo kwa kuivizia usiku kucha, ikaingia kwenye simu yangu, na Jumapili ile ya tarehe 4 Juni nilipita lango lilelile. Nikamwona kwa macho yangu, na ndiyo maana nakuambia nenda, usikate tamaa, ila usimpe pesa mtu.

Na usitishwe na "zimebaki mbili tu". Ziara hii ilipofunguliwa Los Angeles tarehe 28 Aprili, tiketi za kuuziana zilishuka bei sana siku zenyewe zilipokaribia. Anayekuharakisha anakuharakisha kwa sababu zake.

Lipa kwa kadi. Anayetaka umtumie kwa simu au kwa akaunti binafsi, kama unamtumia ndugu, anataka ukose pa kudai. Benki yangu iliniambia waziwazi: pesa uliyoituma mwenyewe kwa hiari hatuna mkono nayo. Ilikuwa zaidi ya milioni moja na nusu ya shilingi, na hapo sijahesabu nauli.

Viza: ya Uingereza majibu kawaida ni wiki tatu na sasa ni Mei, kwa hiyo peleka maombi wiki hii. Paris ni viza nyingine kabisa, ya Schengen. Mambo ya hoteli wapo humu jukwaani wanaoishi kule watakuelekeza.

Ila kabla ya yote hayo, mwandikie huyo jamaa sasa hivi: "Hamishia tiketi kwenye akaunti yangu ya Ticketmaster kwanza, au ziweke kwenye sehemu ya kuuziana nizinunue hapo hapo." Kisha utuletee hapa alichojibu.