Kiuno kinaanza mapema, sawa, lakini mapema ni lini?

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa kijana mmoja wa Moshi anayejifunza gofu. "Shikamoo kaka. Hongera kwa kombe la mwezi. Mimi fimbo namba saba naipiga vizuri, ila nikishika draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, mpira unapotelea kulia. Mwalimu ananiambia nianze na kiuno, tena mapema. Sasa mapema ni lini?"

Marahaba, mdogo wangu. Ahsante kwa hongera. Kikombe chenyewe ni kidogo, chai ya mtu mmoja inakijaza, lakini nimekichukua hapa hapa Tanga mbele ya watu ambao mifuko yao ya fimbo niliwahi kuibeba nikiwa kedi. Mmoja wao, mzee wa watu na heshima zake, zamani aliniambia "kedi hachezi, kedi anabeba" baada ya kunikuta nimeshika fimbo yake na kuijaribu hewani. Siku ya kombe alinipa mkono. Nikaupokea. Maneno yale bado ninayo.

Nayataja kwa sababu ukedi ndio ulionifundisha ninachokujibu leo. Kedi husimama pembeni, kimya, mfuko umenyamazishwa usilie. Kazi yake ni kutazama mpira unakoangukia. Mimi nilikuwa nikitazama viatu kwanza. Wale waliokuwa wakipiga mbali bila kutoka jasho, kiatu chao cha kushoto kilikuwa kinakandamiza nyasi kabla mikono haijamaliza kupanda. Wale wa kutafutiwa mipira vichakani walikuwa wa aina mbili: wengine walianza kushuka na mabega, wengine walizungusha kiuno kwa pupa huku mikono imeachwa nyuma. Hakuna aliyenifundisha hayo. Kedi unaulizwa umbali, hakuna anayekuuliza miguu.

Baadaye nilianza kushindana, nikapanda basi Kange kwenda Dar kwenye mashindano. Jioni moja pakawa na mwalimu mgeni wa kutufundisha, kwa ada ambayo kwangu ilikuwa nzito. Somo lake lilikuwa moja: kiuno haraka, haraka, haraka zaidi. Tukapanga mstari, tukazungusha, na mipira ya mstari mzima ikakimbilia kulia. Nilipomuuliza kama miguu haina zamu yake kabla ya kiuno, akasema mbele ya watu kwamba naongea kama kedi. Watu wakacheka. Sikuongeza neno, nikasafisha fimbo zangu, na usiku ule kwenye basi, kutoka Chalinze mpaka Segera, nilikuwa nakanyaga sakafu kwa mguu wa kushoto tu, abiria wa jirani akidhani nimeshikwa na ganzi.

Alichokisema yule mwalimu kina nusu ya ukweli. Katika kupiga vizuri, fimbo inaposhuka, nyonga huongoza, kifua hufuata, kisha mikono, fimbo mwisho. Kila kimoja hupata kasi halafu hupunguza na kukipa kinachofuata. Ben Hogan wa Marekani alishikilia kwamba kushuka kunaanza na nyonga, na alikuwa bingwa mara 9 kwenye mashindano makubwa, siwezi kumbishia. Nusu iliyokosekana ni kwamba nyonga nazo zinasukumwa na kitu, na kitu hicho ni mguu ulio chini. Ukizizungusha kabla uzito haujafika kushoto, bega la kulia linatoka nje, fimbo inaukata mpira kwa upande, na hapo ndipo slaisi, yaani mpira kupinda kulia, inapozaliwa. Au mikono inabaki nyuma ya mwili na mpira unakwenda kulia moja kwa moja. Tiger Woods mwenyewe, bingwa mwingine wa Marekani, amelalamika kwa miaka juu ya hilo la mikono kunasa nyuma, kiuno kimeshaondoka. Yeye ana mikono ya kuokoa jahazi dakika ya mwisho. Wewe na mimi hatuna.

Vijana mnapotoshwa na simu. Mnasimamisha video pale fimbo inapogusa mpira, mnaona kiuno cha bingwa kimeshafunguka kuelekea grini, kule kwenye shimo, mnasema "ahaa, kumbe kiuno!" Hayo ni matokeo. Rudisha video nyuma, tazama soli ya kiatu cha kushoto wakati fimbo bado inapanda. Jack Nicklaus, bingwa wa zamani wa Marekani, alikuwa akiinua kisigino cha kushoto akipanda, na kukirudisha chini ndiko kulikoanzisha kushuka kwake. Hakuna mtu anayeweka picha hiyo ukutani, lakini ndiyo ya kuiga.

Kwa hiyo mapema ni lini? Ni wakati fimbo bado inapanda. Mikono yako ikishapita usawa wa kifua, mguu wa kushoto uanze kupokea uzito. Mgongo bado unageukia nyuma, mguu umeshaanza safari ya mbele. Hapo mwilini utasikia mvuto, upande mmoja juu na mwingine chini. Usiuogope. Ndio huo unaotafutwa.

Mtu wa pwani haya ameyaona bila gofu. Mtazame anayetupa kimia: mguu unatangulia, kiwiliwili kinageuka, mikono inaachia mwisho. Akianza na mikono, kimia kinaanguka kimejikunja na samaki wanaendelea na shughuli zao.

Na usijaribu kuyafikiria haya fimbo ikiwa inashuka. Kushuka kwa wachezaji wazuri kunachukua takriban robo ya sekunde, na kupanda kwao kunachukua kama mara tatu ya hapo. Kwenye robo ya sekunde huna nafasi ya kujikumbusha jambo lolote. Muda wa kuwahi uko kwenye kupanda. Ndiyo maana nasema, na nitasema tena: kanyaga kushoto, halafu ugeuke. Siyo geuka ukanyage. Kanyaga, ugeuke.

Zoezi langu ni hili. Chukua namba nane, simama miguu imebanana, mpira mbele yako. Anza kupandisha fimbo. Kabla haijafika juu, piga hatua fupi ya mguu wa kushoto kuelekea unakolenga, ukanyage, kisha upige. Mara za kwanza utaukosa mpira na watu watakuangalia. Waache. Fanya polepole, fanya bila mpira, fanya uani jioni jua likishapoa. Kasi usiiguse kabisa mpaka mguu uwe unakwenda bila kuitwa.

Namba saba yako inakufichia kosa kwa sababu ni fupi na uso wake umelala zaidi, inasamehe. Draiva ni ndefu, inahitaji muda zaidi kufika, na wewe unaipa muda mdogo kwa sababu unataka mbali. Hapa kwetu upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini ndiyo balaa, kila mtu anataka kuushinda kwa nguvu za kiuno. Mimi siku ya kombe niliupokea usoni shimo la mwisho, nikapunguza, nikakanyaga, nikageuka. Mpira ulilala katikati ya feawei, ile njia ya nyasi fupi. Yule mzee alipiga baada yangu, na nilimsaidia kutafuta.

Jambo moja umeliuliza chini ya ujumbe kama kwa kupita tu, na mimi silipiti: goti la kushoto linakuuma. Woods alishinda ubingwa wa wazi wa Marekani mwaka 2008 pale Torrey Pines, mashimo 91 kwa mguu wa kushoto uliokuwa na nyufa za mfupa, kisha akaenda kufanyiwa upasuaji wa goti. Usimuige katika hilo. Ukisimama, fungua vidole vya mguu wa kushoto kidogo kuelekea unakolenga, ili kiuno kikigeuka goti lisibaki limepindwa. Likiendelea kuuma, weka draiva kando na umwone daktari. Mwalimu akikukatalia kufungua mguu, mwambie kwa adabu kwamba goti ni lako.