Feni ya hema la kutenga wagonjwa

Mmeuliza kama feni ya hema la kutenga wagonjwa ipulize hewa ndani. Hapana, feni ivute hewa kutoka ndani ya hema, isiipulize humo. Mgonjwa wa TB anatakiwa awe mahali penye shinikizo la hewa dogo kuliko la wodi kwa angalau paskali 2.5 (paskali ni kipimo cha shinikizo), ili mlango ukifunguliwa hewa iingie badala ya kutoka na vijidudu. Mimi ni fundi wa mitambo ya hewa hapa Kisumu. Kupima ni rahisi, shikilia kipande cha karatasi ya tishu chini ya mlango, kikivutwa ndani uko sawa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka hewa ibadilike angalau mara 12 kwa saa, na ikirudishwa wodini ipite kwanza kwenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa hata chembe ndogo sana. Kipindupindu ni mambo mengine, hakienei kwa hewa, hapo pesa ya feni nunueni klorini.