Irankunda hakutukosea

Dodoma, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Mbukwa! Hapa nyumbani hatujambo. Umeniuliza katika barua yako iwapo Nestory Irankunda, kwa kuwa alizaliwa Kigoma, alitukosea alipokubali kuichezea Australia badala ya kuingoja Taifa Stars. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu swali hilo hilo lilizua mabishano katika kibanda umiza cha jirani, nami nilikuwa upande wako, tena kwa sauti kubwa, dhidi ya fundi cherehani mmoja mpole.

Nimebadili mawazo. Wazazi wa kijana huyo ni Warundi waliokimbia vita, naye alizaliwa Februari 2006 wakiwa wakimbizi kwetu, kisha familia ikahamia Australia angali mchanga wa miezi michache. Ni kweli kwamba serikali yetu iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000 mwaka 2014, lakini hao walikuwa wa wimbi la 1972, waliolima Katumba, Mishamo na Ulyankulu kwa miongo minne pamoja na watoto wao, wala si wa kambi za Kigoma waliokuja baadaye. Sasa tungemdai kwa hati ipi?

Adelaide ndiko alikokulia. Aliingia timu ya wakubwa ya Adelaide United akiwa na miaka 15, na kwa kasi yake na mashuti yake makali Bayern Munich wakamsajili, wakisubiri atimize miaka 18 ndipo ahamie Ujerumani Julai 2024. Mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuvaa jezi ya Australia dhidi ya Bangladesh, na katika mechi iliyofuata akafunga penalti dhidi ya Palestina. Huko Munich alichezea zaidi kikosi cha pili, akapelekwa kwa mkopo Grasshopper ya Uswisi, na mwaka 2025 akaenda Watford ya Uingereza. Wengine huko kibandani wanaita hayo kushindwa. Mimi naona kijana wa miaka 19 aliyeshuka ngazi moja ili apate kucheza ana akili kuliko wengi wanaozeekea benchi.

Australia wakicheza tena nitakwenda kibandani mapema, nimnunulie yule fundi soda, maana nilimkatiza kila alipotaka kuyasema haya.

Baba yako