Kabla hujabofya "tuma": ripoti ya hitilafu ya LibreOffice

"Writer inaharibu majedwali yangu." Ripoti za namna hii huingia kila mara kwenye Bugzilla, tovuti ya kuripoti hitilafu za LibreOffice (programu ya ofisi ambayo Writer ndiyo sehemu yake ya kuandikia hati), na hazimsaidii yeyote. Anayezisoma hana faili lako, hana fonti zako, na hajui ulibofya wapi. Kazi yako ni kumwezesha kuiona hitilafu hiyohiyo kwenye kompyuta yake.

Anza kwa kuhakikisha kwamba tatizo haliko upande wako. Fungua menyu ya Help, chagua Restart in Safe Mode, kisha endelea bila kurekebisha chochote. Programu itaanza kwa mipangilio ya muda, bila viongezi (programu ndogo za ziada ulizoongeza). Hitilafu ikitoweka, chanzo huenda ni kiongezi au mipangilio yako iliyoharibika. Bado unaweza kuripoti, ila uliseme hilo. Jaribu pia toleo jipya, maana matoleo makubwa hutoka Februari na Agosti, na huenda kasoro yako imekwisha kurekebishwa.

Faili la mfano ndilo linalostahili muda wako mwingi. Kama hati ina kurasa 60, tengeneza nakala, futa nusu, hifadhi, funga, kisha fungua tena uone. Tatizo likibaki, futa nusu nyingine. Likitoweka, rudi kwenye nusu uliyoifuta. Kwa raundi sita hivi utakuwa umefika ukurasa mmoja. Wakati mwingine nusu zote mbili huonekana nzima. Hapo ujue hitilafu inahitaji vitu viwili vikutane, kwa mfano kijajuu cha mwanzo na jedwali la mwisho, kwa hiyo punguza aya mojamoja.

Faili likishawekwa kwenye Bugzilla, yeyote anaweza kulipakua. Badilisha majina, namba za simu na mishahara kwa maneno ya kubuni. Watu wengi husahau maoni ya pembeni na mabadiliko yaliyorekodiwa, ambayo hubeba maandishi ya zamani hata baada ya wewe kuyafuta. Jina la mwandishi nalo hukaa ndani ya sifa za faili. Lifute kupitia File, Properties: ondoa alama kwenye Apply user data, kisha bofya Reset Properties.

Kwa faili la DOCX linaloonekana vibaya, ambatisha PDF iliyotolewa na Microsoft Word yenyewe, ili msomaji aone lilivyopaswa kuwa. Taja fonti pia. Hati ya Calibri ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na Calibri wala Carlito (fonti mbadala yenye vipimo sawa), mistari husogea na kurasa huongezeka, na hiyo si hitilafu ya programu.

Hatua ziandike kwa namba, kitendo kimoja kila mstari:

1. Fungua jedwali.odt.
2. Weka kishale kwenye seli ya mwisho.
3. Bonyeza Tab.

Kisha: "Nilitarajia safu mlalo mpya, programu ilijifunga." Kama haitokei kila mara, hesabu: mara 3 kati ya 10 ni taarifa kamili, "wakati mwingine" si taarifa.

Taarifa za toleo usiziandike kwa kichwa. Nenda Help, About LibreOffice, bofya kitufe cha kunakili, ubandike zote. Humo mna mfumo endeshi, namna skrini inavyochorwa, na lugha ya eneo, ambayo ndiyo huamua kama 03/04/2024 ni Machi au Aprili. Kama toleo la zamani halikuwa na tatizo hilo, litaje kwa namba. Wanaochunguza wana hifadhi ya matoleo ya nyuma ya kulinganisha hadi badiliko lililoleta kasoro lijulikane.

Hitilafu mbili ni ripoti mbili, hata kama umezikuta siku moja.

Ukiulizwa swali, ripoti huwekwa hali ya NEEDINFO (inahitaji maelezo). Ukishajibu, irudishe mwenyewe kuwa UNCONFIRMED (haijathibitishwa), vinginevyo itahesabika bado inasubiri jibu lako na mwishowe itafungwa.