Maigizo ya jukwaani Dar, na mapiko ya kwetu

Mdogo wangu, umeuliza ukitoka Mtwara kwenda Dar ukaone maigizo gani ya jukwaani. Usiishie mjini, panda gari mpaka Bagamoyo, TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Ndiko wasanii wa jukwaa wanakosomea, na tamasha lao la kila mwaka lina maigizo, ngoma na sarakasi. Dar kwenyewe pita Nafasi Art Space, kituo cha sanaa kule Mikocheni.

Ila mapiko, ile ngoma ya vinyago ya Wamakonde, umeshayaona? Nenda Newala au Tandahimba watoto wa jando wanapotoka. Ngoma zinapashwa kwenye moto kwanza mpaka zilie vizuri, halafu anaingia mchezaji kafunikwa mwili mzima, kavaa kinyago cha mti chenye nywele za kweli, na hakuna anayemtaja jina. Hayo usiyakose kabisa.