Muulize Karani wa Mizani: Timu saba zinakuja, tuanze na nini?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa kamati ndogo ya kutunisha misuli hapa Mombasa. Tumekubaliwa kuandaa mashindano ya kanda mwakani, na timu za taifa za nchi saba zimethibitisha kuja. Mwenyekiti wetu anataka fedha nyingi ziende kwenye jukwaa, taa na wasanii wa kutumbuiza. Mimi moyo hautulii, naona kuna kitu tunakisahau, ila sijui ni kipi. Tuanze na nini?
Katibu, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa kukubaliwa. Anzeni jikoni.

Nimekaa kwenye mizani miaka ishirini na miwili. Kazi yangu ilikuwa moja: mchezaji anapanda, nasoma, naandika. Lakini ukikaa hapo unajifunza mengi, kwa sababu mtu hufika mezani kwako katika siku yake ngumu kuliko zote za mwaka. Amekula kwa kipimo wiki kumi na mbili, wengine kumi na sita. Siku za mwisho amepunguza chumvi, amepunguza maji, midomo imepasuka. Ukimsalimia anaitikia kwa kichwa. Huyo ndiye mgeni wenu. Timu ya mpira hushuka kwenye basi ikiimba; huyu anashuka akitafuta pa kuketi.

Sasa mfikirie amefika hotelini saa tano usiku na jikoni pamefungwa. Au pako wazi, na mpishi kwa ukarimu wetu wa pwani amemwekea wali wa nazi, kuku wa kupaka na kachumbari iliyokolea chumvi. Mpishi hana kosa, amempa mgeni kilicho bora. Ila mgeni hawezi kula hata kijiko kimoja, na aibu inampata yeye na mpishi pia.

Kaeni na mpishi mkuu mwezi mmoja kabla, mumweleze asije akaona anatukanwa: wali mweupe usio na chumvi, mafuta wala tui; kidari cha kuku bila ngozi, cha kuchemsha au kuchoma; samaki; ute wa mayai; viazi vitamu vya kuchemsha. Chumvi iwekwe mezani, kila mtu aamue mwenyewe. Pembeni pawe na mizani ndogo ya jikoni, maana watapima kwa gramu. Chakula kipatikane kila baada ya saa tatu hivi, kuanzia alfajiri mpaka usiku, kwani ndivyo wanavyokula. Kama hoteli haiwezi kuacha jikoni wazi muda wote huo, iwape vyombo vyenye mifuniko, na kila ghorofa iwe na friji na maikrowevu. Biriani, chipsi na keki wekeni akiba kwa usiku wa mwisho. Hapo mtaona watu wanavyokula, na mtafurahi.

Hoteli yenyewe iwe karibu na ukumbi, mtu aweze kutembea kwa miguu. Benidorm, mji wa ufukweni kule Hispania, uliandaa mashindano ya dunia ya IFBB, shirikisho la kimataifa la kutunisha misuli, Novemba 2015 na yakarudi tena mwaka uliofuata. Ule ni mji wa watalii, hoteli zimepangana, na Novemba wenye kuja kuogelea wameshaondoka. Mombasa nanyi mna miezi yenu ambayo vyumba viko vitupu na wenye hoteli wako tayari kuzungumza bei. Nendeni kwao wakati huo, msiende Desemba.

La pili ni saa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu limenitoa machozi.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudumu katika mashindano ambayo sitayataja. Ratiba ilisema saa nane mchana. Mgeni rasmi alifika saa kumi na moja na nusu. Zikaja hotuba, ngoma, shairi, salamu za wadhamini, na mdhamini mmoja akaomba kuongea mara ya pili. Vijana wa kilo 75 walikuwa wameshapakwa rangi ya jukwaani ya kuonyesha misuli tangu saa saba, wamesimama katika chumba kidogo nyuma ya jukwaa kisicho na feni. Miongoni mwao alikuwamo kijana kutoka Burundi niliyempima jana yake, kilo 74.8, mwili umekatika mpaka nyuzi za mapaja unazihesabu. Aliitwa saa mbili usiku. Misuli imeshalala, rangi inachuruzika kwa jasho. Kwenye pozi ya tumbo na mapaja, paja likamkaza, akaenda chini kwa goti moja. Akainuka, akamaliza, akawa wa tano. Baadaye nilimkuta nyuma ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa soda ya machungwa, haongei na mtu. Nauli yake ya basi ilikuwa imechangwa na wenzake wa jimu.

Mwili ule huandaliwa kwa saa maalumu. Mtu ameshiba wanga ili msuli ujae, na maji ameyabana ili ngozi ikae karibu na nyama. Hali hiyo haidumu. Muda ukipita bila maji ya kutosha, msuli unakosa kujaa, na ule mkazo unageuka maumivu. Na hatari yenyewe si ya kupoteza medali tu. Mwaka 1992 Mohamed Benaziza, mzaliwa wa Algeria aliyekuwa akiishi Ufaransa, alifariki Uholanzi saa chache baada ya kushuka jukwaani. Moyo ulishindwa, na mwili wake ulikuwa umekaushwa kupita kiasi. Kwa hiyo daktari na gari la wagonjwa wawepo nyuma ya jukwaa tangu siku ya kupima uzito, si siku ya fainali peke yake. Na daktari huyo aambiwe mapema kwamba huenda akakutana na mtu aliyetumia dawa za kukojosha. Zimekatazwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, lakini wapo wanaozimeza kwa siri, na mtu wa namna hiyo hatibiwi kama aliyechoka kwa jua.

Sasa mgeni rasmi mtamfanyaje, maana bila yeye mwenyekiti hakubali? Igaweni siku mara mbili. Mchujo uanze saa tatu asubuhi bila sherehe yoyote: majaji, wachezaji na mashabiki wachache wanaojua wanachokitazama. Hapo ndipo kazi kubwa ya kulinganisha pozi saba za lazima inapofanyika. Mgeni rasmi aalikwe saa kumi na mbili jioni kwenye fainali, akute ukumbi umejaa, azungumze dakika kumi, avishe medali. Akichelewa, fainali ianze. Andikeni hivyo kwenye barua ya mwaliko, kwa lugha ya heshima, na mwenyekiti aitie sahihi yeye mwenyewe.

Kuhusu mizani, niruhusu niseme kidogo kwa kuwa ndiyo ofisi yangu. Ipelekeni kwa watu wa vipimo ikaguliwe na ibandikwe stika. Iwekeni juu ya sakafu ngumu. Mwenzangu mmoja aliiweka juu ya zulia la hoteli, ikawa kila mtu akipanda mara mbili inasoma vingine, tukagombana na mameneja wa timu mpaka usiku. Mizani hiyo hiyo iachwe wazi kwa wachezaji tangu asubuhi ya siku ya kupima, wajijue. Aliyezidi uzito hupewa nusu saa kurekebisha, hivyo pawe na choo karibu na mahali pa kukimbia. Mtu akizidi gramu mia mbili kwenye kilo 75 anahamia kilo 80, akasimame na watu wanaomzidi kilo nne. Hizo gramu ni mwaka wake mzima.

Majaji wakiwa tisa, alama mbili za juu na mbili za chini kwa kila mchezaji huondolewa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi, kwani alama ni nafasi: wa kwanza hupewa moja, wa pili mbili. Bandikeni karatasi za alama ukutani usiku huo huo. Mwenyeji akishinda, na nawaombea mshinde, karatasi zile ndizo zitakazowatetea.

Barua za mwaliko ziwe na majina kama yalivyo kwenye pasipoti, na muwakumbushe kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Jenereta ijaribiwe huku taa zote za jukwaa zikiwaka, maana taa zile ndizo zinazokula umeme.

Na nyimbo za taifa, mwanangu. Machi 2012 kule Kuwait, katika mashindano ya kulenga shabaha, Maria Dmitrienko wa Kazakhstan alisimama na dhahabu yake shingoni, wakapiga wimbo wa mzaha uliotoka kwenye filamu inayoidhihaki nchi yake. Waandaaji walikuwa wameupakua kwenye intaneti. Yule dada alisimama mkono kifuani mpaka mwisho. Kwetu hatari iko karibu zaidi: Tanzania na Zambia zina tuni moja, na wimbo wa Afrika Kusini unaanza kwa tuni hiyo hiyo. Fundi wa sauti akisikia sekunde tano za mwanzo ataona amepata. Siku ya mkutano wa mameneja, kila meneja asikilize wimbo wa nchi yake mpaka mwisho, kisha atie sahihi. Bendera vivyo hivyo, aishike mwenyewe aseme ndiyo hii na hivi ndivyo inavyotundikwa.

Zikibaki fedha za wasanii, waalikeni.

SWALI: Mzee wangu, nina nyumba ya wageni hapa Arusha yenye vyumba kumi na vinne. Nimeombwa kupokea timu mbili za kutunisha misuli. Rafiki yangu aliwahi kuwapokea, mashuka yake yote meupe yakageuka kahawia na ukuta ukabaki na alama za migongo. Nikatae?
Mama Mwenye Nyumba, Arusha

JIBU: Usikatae, mama. Ni watu watulivu sana, wengi wanalala mapema na hawagusi pombe. Hiyo ni rangi ya jukwaani. Taa kali hufifisha vivuli vya misuli, kwa hiyo hupakwa rangi nzito ili kila mstari uonekane, hata aliye mweusi tayari hupakwa ili mwili mzima uwe sawasawa. Kanuni za IFBB zinakataza rangi inayofutika ikiguswa, lakini hata iliyo nzuri hutoka kidogo kwa jasho la usiku. Wanapakwa usiku wa kuamkia mashindano na hawaogi mpaka wamalize.

Nunua mashuka meusi au ya bluu iliyoiva, kwa usiku mmoja au miwili tu. Viti vyote vivishe vitenge vya zamani. Tenga chumba kimoja cha kupakia rangi, sakafuni tandika turubai, na kuta zifunike nailoni hadi juu ya bega la mtu mrefu. Kisha waambie waandaaji walipe amana ya usafi, mwandikiane kabla timu haijafika. Meneja wa timu akabidhiwe funguo za chumba hicho, awe yeye anayewajibika. Na nyuma ya kila mlango bandika karatasi, kwa Kiswahili na Kifaransa kama wageni wanatoka Burundi au Kongo, kwamba taulo nyeupe zimeondolewa na za rangi ziko kabatini. Watashukuru. Hakuna anayependa kuharibu nyumba ya mwenzake.

SWALI: Mzee, mimi ni meneja wa timu, naandika kutoka Kampala. Safari yetu iliyopita mchezaji wangu alichaguliwa kupimwa dawa baada ya fainali. Tulikaa mpaka saa nane usiku, basi la mwenyeji likaondoka, tukalala kwenye viti vya ukumbini. Je, ni kawaida? Na mwenyeji angeweza kufanya nini?
Meneja, Kampala

JIBU: Pole sana, ndugu meneja. Kukawia ni kawaida. Kuachwa si kawaida, na haikupaswa kuwatokea.

Kipimo cha mkojo kinahitaji angalau mililita 90, zigawanywe kwenye chupa mbili, A na B. Mtu ambaye amejinyima maji tangu jana hana mililita 90. Atatoa kidogo, kile kidogo kitafungwa na kuhifadhiwa, ataendelea kusubiri mpaka kiasi kitimie. Akinywa maji mengi kwa pupa, mkojo unakuwa mwepesi mno kwa maabara na anatakiwa kutoa mwingine. Ndiyo maana nilishakaa na watu mpaka jogoo anawika. Muda wote huo anafuatana na msimamizi ambaye hatakiwi kumpoteza machoni, na wewe una haki ya kuwa naye kwenye chumba cha kusubiri. Usimwache peke yake, hasa kama ni kijana na ni mara yake ya kwanza.

Mwenyeji anachopaswa kuandaa si kikubwa. Chumba chenye choo chake na mlango unaofungwa. Maji na soda kwenye chupa ambazo hazijafunguliwa, mchezaji achague na kufungua mwenyewe. Viti vya kuegemea, blanketi, na chakula cha moto, kwa sababu mtu huyu hajala vizuri kwa miezi. Wasimamizi wa kike kwa wachezaji wa kike, na wawepo wa kutosha ili mmoja asisababishe wengine kungoja.

Kisha gari. Siku hizi, nikiombwa ushauri na kamati yoyote, naandika kwenye ratiba mstari mmoja baada ya utoaji wa medali: gari dogo moja na dereva wake wabaki ukumbini mpaka mchezaji wa mwisho atoke chumba cha vipimo, na dereva apewe sahani yake ya chakula na namba ya simu ya meneja. Omba uoneshwe mstari huo siku ya mkutano wa mameneja. Usipouona, uliza dereva ni nani, na umtafute umjue sura kabla taa hazijawashwa.